Penelope Hakukaa Tu Kusubiri

1.
Wapendwa, leo siongelei uji wa lishe wala chanjo. Leo nina hasira kidogo, kwa hiyo nivumilieni. Uzi ni mrefu. Anayenyonyesha akae vizuri, asome mkono mmoja.

Wiki hii nimetumiwa klipu moja na watu wanne tofauti. Mwalimu wa ndoa, simtaji, amesimama kwenye kicheni pati na kipaza sauti, anamwambia bibi harusi: kuna mwanamke wa Ugiriki anaitwa Penelope, mume wake aliondoka miaka 20, hakuuliza, hakulalamika, alikaa kimya akasubiri, na mume akarudi. Halafu eti, "Wewe mume akichelewa saa mbili tu unampigia simu." Ukumbi mzima vigelegele. Na mwisho ile yetu tunayoijua wote: mvumilivu hula mbivu.

Mimi hiyo hadithi naijua. Nimeisoma Odyssey yenyewe, na nimesoma vitabu vya siku hizi vilivyozaliwa kutokana nayo. Na kazi yangu ni wodi ya wazazi. Kwa hiyo nina mambo mawili ya kumjibu. Kwanza, hadithi ameisimulia vibaya. Pili, hiyo anayoiita subira huwa naipokea mimi saa kumi alfajiri, ikiwa imelala kwenye kiti cha nyuma cha bajaji.

2.
Kwa asiyeijua, kwa kifupi. Kuna tendi mbili ndefu za Wagiriki wa kale, Iliad na Odyssey, zinazohesabiwa kuwa za Homer. Zina zaidi ya miaka 2,500. Iliad ni vita ya Troy. Odyssey ni safari ya mwanaume mmoja, Odysseus, kurudi nyumbani kisiwani Ithaca baada ya vita hiyo. Vitani miaka 10, njiani miaka 10. Alipoondoka, mtoto wake Telemachus alikuwa mchanga.

Njiani alikaa mwaka mzima kwa Circe, na miaka saba kwa Calypso. Tusimwonee, kwa Calypso alikuwa kama mateka, alikuwa anakaa ufukweni analia. Lakini mwalimu wetu hilo la Circe na Calypso hakuligusa kabisa. Miaka 20 ya mke ameihesabu, ya mume ameiruka.

Huku nyumbani wamejaa wanaume wanaotaka kumwoa Penelope. Ukiwahesabu wote kama Telemachus anavyowataja, wanafika 108. Wanakula ng'ombe zake, wanakunywa divai yake, hawaondoki. Wazazi wangu wa humu mnajua kulisha wageni wawili wiki moja kulivyo. Sasa weka 108 kwa miaka zaidi ya mitatu.

3.
Sasa, je, Penelope alikaa kimya? Hebu tuangalie.

Aliwaambia wale wanaume: nitachagua mmoja wenu nikimaliza kufuma sanda ya baba mkwe wangu. Mchana anafuma. Usiku anawasha taa, anafumua. Miaka mitatu! Alikuja kushikwa mwaka wa nne kwa sababu siri ilivuja ndani ya nyumba.

Alipofika mwanaume anayesema "mimi ndiye mumeo", hakumrukia shingoni. Alimtega. Alimwagiza mtumishi akitoe kile kitanda chao nje ya chumba, huku anajua hakitoki, maana mume alikichonga juu ya kisiki cha mzeituni ambacho mizizi yake bado iko ardhini. Yule mwanaume akapandwa na hasira: nani amekihamisha kitanda changu? Hapo ndipo Penelope akajua ni yeye.

Jamani, huyo ni mwanamke aliyekaa tu? Huyo ni mwanamke mwenye mpango wa kwanza, mpango wa pili na wa akiba. Tena alilalamika, analia karibu kila anapotokea. Aliyemwambia anyamaze ni mtoto wake mwenyewe, Telemachus: rudi chumbani kwako ukafume, maneno ni ya wanaume. Kijana wa kama miaka 20 anamfukuza mama yake sebuleni. Kwa hiyo huyo Penelope mkimya wa kwenye klipu simkuti kitabuni. Kitabuni namkuta Penelope aliyenyamazishwa, na bado akatumia akili.

4.
Mnataka kumjua aliyesubiri kweli, bila mpango, bila msaada? Anaitwa Anticleia, mama yake Odysseus. Odysseus anafika kwenye nchi ya wafu, anamkuta mama yake huko. Hakujua kama amekufa. Anamwuliza, umekufa kwa ugonjwa gani? Mama anamwambia si ugonjwa, ni kukutamani wewe. Anajaribu kumkumbatia mara tatu, mara tatu mikono inashika hewa.

Nimesoma ukurasa huo nikafunga kitabu, maana namjua Anticleia. Nitawasimulia mmoja, na nimebadilisha mambo ili asijulikane. Mama ana mimba ya miezi minane. Damu imeanza kutoka magharibi. Mume yuko machimboni, simu haipatikani. Nyumba ina watu wazima wanne. Wakasema tusubiri mwenye mke aseme. Saa mbili, haipatikani. Saa tano, haipatikani. Saa nane ya usiku kanga tatu zimelowa. Wakafika kwetu alfajiri. Mama tulimwokoa, kwa damu ya watu asiowajua. Mtoto hatukumwokoa.

Simu ya mume ilikuja kupatikana asubuhi. Mnajua alisema nini? "Kwa nini mlinisubiri mimi?"

Mume mwenyewe hakuomba kusubiriwa! Ni sisi tulioweka hiyo sheria, kwenye vikao, kwenye ukumbi, na vigelegele juu. Halafu tunaiita heshima.

5.
Kwa hiyo naandika kama nesi sasa, shikeni kalamu. Ukiwa mjamzito, mambo haya hayasubiri ruhusa ya mtu: damu kutoka ukeni, hata kidogo, kichwa kuuma sana au kuona maruweruwe, kuvimba uso na mikono ghafla, degedege, homa kali, maji kutoka kabla ya uchungu, mtoto kupunguza kucheza au kuacha kabisa. Na baada ya kujifungua, damu nyingi. Hiyo inaweza kuondoa mtu ndani ya saa chache, wakati bado mnabishana nani ana nauli.

Ruhusa iombwe leo ukiwa mzima. Mkae na baba, mkae na mama mkwe, mseme: ikitokea usiku nani anaamka, bajaji ya nani, hela iko wapi, nani anaweza kuchangia damu, nani anabaki na watoto. Hiyo ndiyo sanda ya Penelope. Inafumwa kabla.

Na kuna kitabu cha Madeline Miller, Circe, cha mwaka 2018. Humo Circe, yule wa kisiwani, anajifungua peke yake. Mtoto hatoki, mungu wa kike wa uzazi haji, na mwisho Circe anajipasua mwenyewe kwa kisu. Halafu anabaki na mtoto anayelia usiku na mchana na hana wa kumpokea. Nimesoma vitabu vingi vya mashujaa, lakini ni vichache vinavyosema ukweli juu ya kuchoka kwa mzazi kama kile. Ila angalieni: Circe hawezi kufa. Wewe unaweza. Usijifungulie peke yako ili usifiwe ujasiri.

Na sisi manesi tuna fungu letu la lawama, silikimbii. Kuna mama anafika, na neno la kwanza tunamwuliza "mumeo yuko wapi?" kabla hatujamwuliza damu imeanza saa ngapi. Hapo na sisi tumeingia kwenye ile klipu.

6.
Sasa sehemu ambayo mwalimu wa ndoa hawezi kuigusa kwenye kicheni pati.

Odysseus aliporudi aliwaua wale wanaume. Sawa, ni utendi. Lakini baada ya hapo anamwuliza yaya wake mzee, Eurycleia: kati ya wanawake wa nyumba hii, nani wamenivunjia heshima? Yule mzee anasema, wako wanawake 50, walioharibika ni 12. Wakaitwa. Wakalazimishwa kwanza kubeba maiti nje na kusafisha meza na viti kwa maji na sponji. Walipomaliza usafi wakanyongwa. Aliyewanyonga ni Telemachus, yule kijana.

Kosa lao? Kulala na wale wageni. Na hapa nisikilizeni vizuri. Odysseus mwenyewe, dakika chache kabla, anawaambia wale wanaume: mliwalazimisha wajakazi wangu. Yaani anajua kwamba walilazimishwa. Na bado wakanyongwa. Walikuwa watumwa, hawakuwa na mlango wa kufunga wala neno la kukataa.

Kwa miaka mingi watafsiri wengi wa Kiingereza waliwaita hao wasichana majina ya matusi, matusi ambayo kwenye Kigiriki hayapo. Mwaka 2017 Emily Wilson, mwanamke wa kwanza kuchapisha tafsiri nzima ya Odyssey kwa Kiingereza, aliyaondoa. Akawaita wasichana. Neno moja tu, na ukurasa mzima unageuka. Mimi naliamini hilo kwa sababu ya kazi yangu. Ukimwandika mgonjwa "mkorofi" kwenye faili, zamu inayofuata itamtibu kama mkorofi.

7.
Margaret Atwood aliandika kitabu kizima juu ya hao 12. Kinaitwa The Penelopiad, cha mwaka 2005. Penelope anasimulia akiwa ameshakufa, na wale wasichana wanaingia katikati wanaimba, wanamdai. Humo Atwood anabuni jambo linalouma: Penelope mwenyewe ndiye aliyewatuma. Aliwaambia jichanganyeni na wale wanaume, nisengenyeni, mniletee habari. Hakumwambia Eurycleia. Siku ya hukumu Eurycleia akawataja, na bibi aliyewatuma alikuwa amelala usingizi.

Dada zangu, hapo mimi nilijiona, na si kwenye kamba. Nilijiona kitandani nimelala.

Kwa sababu wote humu tunasema "nina dada wa kazi". Analala wapi? Mlango wake una komeo? Mgeni wa kiume akija, shemeji, binamu, rafiki wa baba, analazwa chumba gani? Binti akikwambia "mama, sitaki kumpelekea yule mgeni maji ya kuoga", unamwuliza kwa nini, au unamwita mvivu?

Wodini kwangu wanakuja. Binti mwenye mimba, hana ndugu mjini, begi moja. Nikimwuliza nani alikusindikiza, anasema nilifukuzwa juzi. Nikimwuliza mwenye mimba, anaangalia ukuta. Na aliyemfukuza mara nyingi si baba mwenye nyumba. Ni sisi. Ni mwanamke mwenzake, mwenye hasira ya haki kabisa, aliyeielekeza kwa mtu asiyeweza kujitetea. Hasira hiyo ilimpita mwenye kosa pale sebuleni anaangalia mpira, ikaenda jikoni.

Odysseus alifanya hivyo hivyo. Tofauti, yeye alitungiwa utendi.

8.
Wapo watakaosema: nesi, unatufundisha kuvunja ndoa. Mimi navumilia kwa ajili ya watoto.

Nakuelewa, na sitakucheka. Kuna kitabu cha watoto, The Lightning Thief, cha Rick Riordan, mwaka 2005. Ndicho kilichoanzisha vile vitabu vya Percy Jackson. Mwandishi alianza kumsimulia mwanawe hadithi hizo usiku, mtoto ambaye kusoma kulimpa shida na kutulia kulimpa shida. Ndiyo maana Percy naye yuko hivyo: herufi zinamchezea, shuleni wanamwita mtukutu. Mwenye mtoto wa aina hiyo ampe kitabu hicho badala ya fimbo.

Percy ana mama, Sally, na baba wa kambo, Gabe. Gabe ni mlevi, mcheza kamari, ananuka, anampiga mama. Kwa nini Sally anakaa naye? Kwa sababu uvundo wa Gabe unaficha harufu ya Percy ili majitu yasimpate. Sikieni hiyo! Anavumilia kweli kwa ajili ya mtoto, na ana sababu, na sababu inafanya kazi.

Lakini mwandishi hakuishia hapo akampa Sally taji. Percy anakuja kuona mama yake anavyokwepa mkono ukiinuliwa, na inamuumiza kuliko majitu yote. Mwisho Sally anapata kichwa cha Medusa, kile ambacho ukikitazama unageuka jiwe, na Gabe anakuwa sanamu. Sally anaiuza, anapata ada ya chuo.

Sisi hatuna kichwa cha Medusa, na sitaki kesi. Lakini kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 ni ya kupiga kwa ajili ya mtoto. Umeumizwa vibaya, njoo hospitali kwanza utibiwe. Na ujue jambo moja kutoka kwa mtu anayeshona vidonda: mtoto unayemvumilia kwa ajili yake anaona. Percy aliona.

9.
Najua maswali yanayokuja. Nayajibu kabisa.

"Hizo ni hadithi za miungu ya uongo, za kishetani." Mpendwa, tumekua na Sungura na Fisi, na sijamwona mtu amesimamisha ibada ya sungura. Hakuna anayekwambia umwombe Zeus. Tena ukisoma utaona Wagiriki wenyewe miungu yao waliisimulia kwa aibu zake zote.

"Tuna hadithi zetu." Kweli, na nafurahi umesema. Tunaye Fumo Liyongo wa upande wa Pate, shujaa asiyeuawa na chuma, udhaifu wake ulikuwa kitovuni, kama Achilles na kisigino chake. Muhammad Kijumwa aliuandika utenzi wake mwaka 1913. Liyongo alipofungwa, mama yake alikaa kusubiri? Hapana. Alipata ujumbe wa mafumbo, akaoka mikate, na ndani ya mkate wa wishwa akaficha tupa ya kukatia minyororo. Walinzi wakala mizuri, ule wa wishwa wakamwachia mfungwa. Nani aliupeleka? Saada, kijakazi. Shujaa alitoka kwa sababu ya mama aliyetumia akili na msichana aliyekuwa na ujasiri wa kupita kwa walinzi. Nani humu amemwita mwanawe Saada kwa kumkumbuka yeye? Tuna Penelope wetu na tuna wajakazi wetu, na na sisi tumemkumbuka mwanaume peke yake.

"Mimi sina muda wa vitabu." Huna, najua. Lakini muda wa ile klipu ulipatikana, na uliwatumia wenzio kumi.

"Kwa hiyo subira ni mbaya?" Sijasema hivyo. Subira ya kumnyonyesha mtoto anayelia usiku kucha ni subira. Subira ya kumsubiri mume aliye safarini huku unaendesha nyumba ni subira, na wako wanaume wanaosubiri hivyo hivyo wake walioko ughaibuni. Lakini kutoka damu ukisubiri simu si subira. Kupigwa ukisubiri abadilike si subira. Kunyamaza wakati binti wa watu anaumizwa ndani ya nyumba yako, hiyo nayo si subira hata kidogo.

10.
Namalizia, maana zamu yangu inaanza saa mbili usiku.

Mkisimuliwa Penelope tena, kwenye kicheni pati, kwenye vikoba, popote, ulizeni maswali matatu. Alifanya nini usiku, watu walipolala? Wale 12 walikosa nini? Na nani alimfundisha Telemachus kumwambia mama yake anyamaze?

Hilo la mwisho ni letu sisi wenye watoto wa kiume. Telemachus alikua bila baba, mikononi mwa wanawake: mama, yaya, wajakazi. Akaishia kuwa kijana anayemfukuza mama sebuleni na kuwanyonga wasichana waliomlea na kumpikia. Kwenye The Penelopiad wale wasichana wengine walicheza naye utotoni. Sasa mwanao anayemwita dada wa kazi kwa kupiga mluzi, na wewe unacheka, anajifunza nini?

Leo usiku msimulie. Usimfiche mwisho. Mwambie walikuwepo wasichana 12, walifanya kazi nyumba ile, hawakuwa na makosa, na hakuna mtu mzima aliyesimama kuwasemea. Halafu umwulize: wewe ungesemaje?

Msikilize anavyojibu. Hapo ndipo utajua kazi imebaki kiasi gani.

Mwenye mimba, angalia kama hela ya bajaji ipo. Mwenye dada wa kazi, kaangalie komeo la mlango wake. Sasa hivi, kabla hujalala.

Kesho, Mungu akipenda, narudi na uji.